Kona ya Viboko

Jovita aliushika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Yeye si mvuvi; kazi yake ni kukaanga perege sokoni Babati. Lakini mvuvi aliyezoea kwenda na mumewe, Valence, alikuwa amekataa katakata kuingia kona ya viboko. Basi Valence akamgeukia mkewe: "Twende wewe, Mama Rosalia. Watoto watakula nini?"

Kona ile ya ziwa haikuwa ikivuliwa tangu enzi za babu zao. Iliachiwa viboko, na samaki wakazaliana mle kwenye matete kwa raha zao. Ila mkoa mpya ulipokuja na maofisi yake, kila mgeni akataka sahani ya perege, na watu wa ziwani wakajifanya wajanja. Vyandarua vya kuzuia mbu wakavishona kuwa nyavu! Wakakokota mpaka vitoto vya samaki visivyofika urefu wa kidole. Jovita naye alishona, tena kwa bidii. Sasa ziwa zima lilibaki maji matupu, isipokuwa kwenye kona ile ya viboko.

Valence alitupa wavu, akavuta. Perege watatu wakaanguka miguuni mwao. Akatupa tena.

Hapo ndipo kichwa kikaibuka kando ya matete, na kichwa kidogo ubavuni mwake. Mungu wangu, ana mtoto! Kiboko akawatazama, kisha akazama. Mapovu yakaanza kuja upande wao.

"Baba Rosalia, tuondoke!"

"Subiri, wavu umejaa."

"Uachie!"

Hakuachia. Mtumbwi ukainuliwa upande mmoja, maji yakaingia. Tamaa mbele, mauti nyuma. Jovita aliyaona mauti yenyewe, mapana na meusi, chini ya mbao. Akamng'ata mumewe mkononi kwa nguvu zake zote. Valence akapiga yowe, wavu ukamtoka, mtumbwi ukarudi kukaa sawa. Wakapiga makasia kama wendawazimu mpaka wakagusa tope la ufukweni.

Watu walikuwa wamekusanyika. "Poleni jamani! Mmeponea chupuchupu!"

Jovita alikaa chini papo hapo, akilia bila haya. Alingoja kushikwa mkono. Hakuna aliyemshika. Wote walikuwa wameinama juu ya mtumbwi, wakiwatazama wale perege watatu, wapana kama sahani. Samaki wa namna ile walikuwa hawajaonekana kwa miaka.

"Wapo wengi?" Hatibu, mchuuzi wa samaki, aliuliza polepole.

"Wamejaa tele," Valence alijibu.

Mtumbwi wa kwanza ukasukumwa majini, kisha wa pili. "Msiende!" Jovita alipiga kelele. "Atawaua!" Hakuna aliyegeuka. Alimtafuta mumewe kwa macho. Valence, damu ikimchuruzika mkononi, alikuwa akipita kwa mmoja mmoja akiuliza nani ana wavu wa kumwazima.