Kamba Mdomoni mwa Kapita

"Mushike vizuri," Florentine alisema. Jirani yake Rehema akabana mbavu za mbwa kwa magoti, akageuza uso pembeni. Mdomo wa Kapita ulinuka kama samaki wa ndagala waliosahaulika guniani.

Kwa siku tisa mbwa huyo alikuwa amefungwa mdomo kwa kamba ya mgomba. Ndiyo sheria ya Papa Eugène, shemeji yake Florentine, aliyeongoza familia sita zilizojificha porini juu ya mji wa Baraka tangu askari wachome mtaa wao, mwaka ule wa 1999. Mnyama mwenye sauti afungwe au auawe. Florentine alimfungua mara mbili kwa siku, mbwa ale, kisha yeye amsugue meno kwa kitambaa na chumvi, kabla Eugène hajamfunga tena. Chumvi hiyo ilimletea maadui wengi kuliko vita. Lakini ndezi walioliwa pale wote walikamatwa na Kapita alipofunguliwa.

Sasa shavu lilikuwa limevimba, na tangu asubuhi alikuwa akilia kwa sauti nyembamba.

"Batoto banakula majani ya sombe bila chumvi," alisema Eugène, panga mkononi. "We unapakia imbwa kwenye meno. Shemeji, we ni mutu wa namna gani?"

"Mutu mwenye anakulishaka nyama. Toka kwenye mwanga."

"Ikilia tena, nakata shingo."

"Nimesikia. We mwenyewe unaishinda kelele."

Rehema alicheka puani. Eugène hakucheka.

Florentine alichukua koleo lake, lile alilokunjia nyaya za tanuri la kukaushia samaki kule ufukweni, akainua mdomo wa mbwa. Ufizi ulikuwa mweusi, unatoka usaha. Jino moja lilikuwa limelegea. Akalibana, akalizungusha, na Kapita akafunga taya juu ya mkono wake.

Florentine hakupiga kelele. Aling'ata kitenge chake begani akaendelea kuvuta mpaka jino likatoka. Kisha, kwa ukucha, akachomoa kwenye shimo uzi mweusi mrefu kama kidole.

"Ona. Hii ni kamba yako. Ulimukazia mupaka ikaingia kwenye nyama."

Eugène aliugusa ule uzi kwa ncha ya panga.

"Mufunge tena," alisema. "Polepole, lakini mufunge."

"Hapana. Ukimufunga juu ya kidonda, atasikika mupaka Baraka."

"Basi mi namaliza hii maneno." Eugène aliinua panga.

Chini yao, njiani, mtu alikohoa. Chuma kiligonga chuma. Wote wakalala kifudifudi, isipokuwa Eugène, aliyepiga magoti na kuweka panga juu ya shingo ya mbwa. Florentine aliingiza mkono wake uliong'atwa chini ya taya la Kapita, bila kulibana. Aliisikia damu ya mbwa na yake zikichanganyika, zina joto moja.

Buti za askari zilipita. Nyingine zikapita. Za tatu zikasimama, na mwenye buti hizo akaanza kukojolea majani, akiimba puani.

Masikio ya Kapita yalisimama. Mdomo wake wa juu ukaanza kupanda, taratibu, ukionyesha pengo jipya, kama anayetaka kubweka.