Namba ya Daktari na Kulungu wa Daktari

"Namba yangu inatutosha sote, Marlys."

Hilo ndilo lilikuwa jibu la Dokta Orrin Haugstad kila mara. Marlys Brekke alikuwa muuguzi aliyesoma hadi kuruhusiwa kutibu na kuandika dawa, ila malipo ya bima yalidaiwa kwa namba ya daktari, ile inayomtambulisha mtibu kwa bima. Alitibu nusu ya mji, na karatasi zote zikasema aliyetibu ni Haugstad. Hata alipogundua ugonjwa wa moyo wa mzee Vernon Skaar, mkewe Inga alileta pai ya cheri akamkabidhi nani? Daktari! Naye akaila mbele ya Marlys, akalamba hata uma. Ilimuuma Marlys, tena sana.

Sheria iliwaruhusu kutumia namba moja, mradi daktari awemo ndani ya jengo. Na kweli alikuwamo, isipokuwa Jumamosi ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu. Siku hiyo huku kaskazini mwa Wisconsin hata padri huharakisha misa. Haugstad alikuwa juu ya mti na bunduki yake, Marlys akabaki na wagonjwa. Jumatatu daktari akatuma madai kwa mazoea, kwa namba yake.

Kumbe siku ile aliua dume la pembe za kutisha! Baa ya mjini ikampa kofia ya ushindi na picha yake na dume hilo, yenye tarehe. Akaitundika ukumbini kwa wagonjwa, juu ya mizani, ili kila anayepimwa uzito amwone.

Wakati wa theluji akaja mkaguzi wa bima, mama mpole mwenye buti kubwa. Akasimama mbele ya picha.

"Huyu ni wewe, Daktari?"

"Nani mwingine! Siku ya kwanza ya msimu, saa tatu asubuhi, risasi moja tu!"

"Hongera. Maana saa tatu hiyo hiyo, namba yako ilikuwa hapa ikimtibu Bi Inga Skaar koo."

Inga na Vernon walikuwa wameketi pale pale.

"Mimi alinitibu Marlys," akasema Inga. "Daktari hata kivuli chake sikukiona."

"Sema ulikuwa hapa, Orrin," Vernon akamchokoza, "kisha ile kofia uirudishe baa. Mshika mbili, bwana!"

Daktari akamtazama mkaguzi, akamtazama kulungu pichani.

"Kulungu ni wangu," akasema kinyonge. "Wagonjwa walikuwa wa Marlys."

"Basi madai hayo yafute," akasema mkaguzi. "Muuguzi wa sindano na bandeji hahitaji namba kwa bima. Lakini anayetibu peke yake, adai kwa namba yake."

"Sawa, sawa. Marlys, kesho tukuombee namba."

"Ninayo," akajibu Marlys, akatoa kikaratasi mfukoni. "Haina hata malipo. Niliiomba kwa simu nikingoja kahawa ichemke."

Inga alikuwa ameziba mdomo kwa mkono akizuia kicheko, amekumbuka kitu.

"Unayo tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu siku ya pai."

"Ala! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Daktari. Mdomo wako ulikuwa umejaa."