Jiwe la Bibi Faustina

Lilipasuka kwa pigo la pili. Ndani zikameta chembe nyeupe, nyeusi na nyekundu kidogo, itale safi kabisa, na watoto wa darasa la sita wakasogea kutazama. Blessing peke yake hakusogea. Jiwe lilikuwa la kwao.

Asubuhi alinikabidhi kwa mikono miwili. "La bibi, Mwalimu. Amesema jioni nirudi nalo." Nikaitikia huku natafuta nyundo.

Wathibiti ubora wa shule walikuwa wanakuja kutukagua siku ile, na kona yangu ya zana za kufundishia ilikuwa na mawe mepesi ya volkano tu, yale ya kusugulia visigino, niliyoyabeba kutoka kwetu Uyole. Wiki nzima nilijiahidi kwenda kuokota mengine. Uvivu. Huku Iringa matale yamejaa mpaka nyuma ya vyoo vya shule, lakini niliona rahisi kuwaagiza watoto.

Miaka minne imepita, nisijitetee. Kiganja changu kililitambua lile jiwe: upande mmoja laini, na pale vidole vinapokaa pamebonyea. Mama yangu alisagia ulezi kwa jiwe kama hilo. Nilijua, nikapiga.

Wageni walisoma maandalio ya masomo ofisini, wakanywa chai, wakaondoka. Darasani hawakuingia. Nami somo la aina za miamba sikulifundisha.

Jioni nikaenda na Blessing kwao, vipande viwili ndani ya mfuko. Bibi Faustina alikuwa ameshapiga magoti jikoni, ulezi kwenye ungo, jiwe kubwa la chini limefutwa, linasubiri mwenzake.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, bibi." Nikafungua mfuko. Niliomba msamaha, nikaviweka vipande mbele yake.

Aliviunganisha vipande, akavitenganisha. "Alinipa mama siku naolewa," akasema. Kisha akaniangalia. "Watoto lakini wameelewa?"

"Wameelewa, bibi."

Blessing akainua macho, akayashusha. Niliona aibu zaidi mbele ya mtoto yule kuliko mbele ya bibi yake.

"Basi si hasara." Bibi akainuka taratibu, akalikung'uta lile la chini. "Na hili nenda nalo wakasome. Kwangu halina kazi tena."

Nililibeba begani. Blessing alinisindikiza mpaka njia panda. Pale akasimama, akaniuliza kwa adabu yake yote:

"Mwalimu, somo lenyewe ni kesho?"