Udongo Aliobeba Shuifen

Katika kitongoji cha Heyantang, kusini mwa mkoa wa Hunan nchini China, moshi wa jikoni ulitoka nyumba moja tu. Nyumba nyingine kumi na tisa zilifungwa kwa makufuli yaliyokwisha kushika kutu. Kuang Shuifen, mjane wa miaka sitini na sita, ndiye peke yake aliyebaki.

Mumewe, Deng Laigui, alichimba madini ya risasi na zinki kwa miaka ishirini na miwili. Mgodi ulipofungwa, mapafu yake nayo yalikuwa yamekwisha. Baadaye wakaja watu wa vipimo, wakasema mpunga wa bonde lile una sumu ya kadimiamu itokayo mgodini. Kilimo cha mpunga kikapigwa marufuku, na majirani wakahama mmoja mmoja. Kaihua, mwanawe wa pekee, alikuwa mji wa mbali wa Dongguan, kwenye kiwanda cha viatu.

“Mama, unalinda nini huko?” alimuuliza kwenye simu.

“Nani kakwambia nalinda? Nakaa tu.”

“Unakaa na nani?”

“Na baba yako.”

Kaburi la Laigui lilikuwa juu kidogo ya shamba, ng’ambo ya kifusi cha mabaki ya mgodi. Kaihua akasema zamu yake imeanza, akakata simu.

Kila vuli Shuifen aliendelea kupanda ziyunying, ule mmea mdogo wa jamii ya kunde wenye maua ya zambarau, ambao wakulima wa kule huufukia kwa jembe masika ili urutubishe shamba kabla ya mpunga. Mpunga haukuwepo tena, lakini mikono yake haikujua kukaa bure. Miaka mitatu mfululizo mmea ulitoka wa manjano, ukafika urefu wa kidole, ukafa. Aliung’oa akatazama mizizi: mitupu. Havikuwepo vile vinundu vidogo ambavyo kila mkulima anavijua, na ziyunying isiyo na vinundu ni mmea wenye njaa.

Jambo la ajabu lilikuwa pale ukingoni mwa kifusi. Mbegu zilizopeperushwa na upepo zilikuwa zimeota mahali ambapo hata magugu yaliogopa, na zilikuwa za kijani kibichi. Aliziona akienda kufagia kaburi. Akang’oa shina moja. Mizizi ilijaa vinundu, na alipopasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu kama ufizi wa mtoto.

Mama yake, alipokuwa akifungua shamba jipya, alikuwa akichota udongo wa shamba la zamani na kuuchanganya na mbegu. Shuifen akafanya vivyo hivyo. Alichota udongo wa ukingoni mwa kifusi, akaubeba mgongoni kwa kikapu, vikapu arobaini kwa siku kumi na moja. Masika yalipofika, shamba lilikuwa la zambarau kutoka tuta hadi tuta. Alisimama katikati, akageuka huku na huku, hakuona wa kumwonyesha. Akapiga picha akamtumia Kaihua. Kaihua akajibu kwa alama ya dole gumba.

Aprili hiyo akaja mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira na mkoba uliojaa vichupa. Aliitwa Ouyang Jingru, mtafiti wa udongo kutoka chuo kimoja cha mkoani. Alikuja kupima kifusi, lakini miguu yake ikamfikisha shambani.

“Shangazi, nani kapanda hapa?”

“Mimi. Kwani kuna mtu mwingine unamwona?”

“Haiwezekani. Udongo huu tumeupima sisi wenyewe. Bakteria wa kwenye vinundu hawawezi kuishi humu.”

“Basi waambie wahame,” alisema Shuifen. “Wenzao wote wameshahama.”

Jingru alipiga magoti, akang’oa, akatazama, akang’oa tena. Aliposikia habari za kikapu akashika kichwa.

“Umebeba sumu mgongoni, Shangazi!”

“Nimetoa sumu nikaipeleka kwenye sumu. Sasa nimeharibu nini?”

Jingru akacheka hadi akakaa chini. Kicheko cha mtu mwingine kilikuwa hakijasikika Heyantang tangu Mwaka Mpya.

Alikaa siku sita, akilala chumba cha Kaihua. Shuifen alimpikia nyama ya moshi na pilipili, na wali wa kununua mjini, na kila jioni alitafuta sababu ya kumchelewesha mezani.

“Hebu niambie,” alisema siku ya tatu, “hao wadudu wako wanaishije mle?”

“Bakteria, Shangazi. Mgodi ulipoanza kumwaga mabaki, wengi walikufa. Wachache waliobaki ni wale wanaoweza kuitema sumu. Ikiingia mwilini wanaisukuma nje, na nyingine wanainasa kwenye ute wao. Ndani ya kinundu, mmea unawalisha sukari, nao wanaupa chakula kutoka hewani. Tena uwezo huo wanapeana wao kwa wao, hata wasio ndugu.”

“Kumbe wana majirani,” alisema Shuifen.

Jingru akaweka vijiti vyake vya kulia mezani. “Ukiwapeleka kwenye udongo safi wanaishi, ila kwa shida. Kutema sumu kunakula nguvu. Huko wenzao wanawapita mbio.”

Shuifen alimwongezea nyama. Yeye mwenyewe aliwahi kwenda Dongguan kwa mwanawe. Alikaa ghorofa ya kumi na saba kwa siku tisa, hakuongea na mtu ila mkwewe, mke wa Kaihua, akarudi.

Jingru aliondoka na vichupa vyake. Aliahidi kurudi masika yanayofuata. Lakini kiangazi jokofu la maabara likaharibika wakati wa joto kali, na sampuli zote zikaoza. Alipiga simu akilia kama mtu aliyefiwa. “Usilie,” alisema Shuifen. “Shamba si lipo? Nitapanda tena.” Akapanda.

Mwezi Machi akaja Bwana Tang, msimamizi wa kazi za tarafa, akiwa na karatasi. Mashamba yote ya bondeni yangefukiwa kwa udongo wa mfinyanzi na kupandwa misonobari.

“Ni kwa faida yenu, Dada Shuifen.”

“Yetu sisi akina nani?”

Tang aliangalia zile nyumba zenye makufuli, akakunja karatasi yake. “Matingatinga yanakuja Jumatatu,” alisema.

Shuifen alimpigia Jingru. Mradi wake ulikuwa haujapata fedha, naye alikuwa Harbin, mbali kaskazini, hangewahi.

“Shangazi, zile chembe nyeupe nilizokuachia, za kunyonya unyevu, bado zipo?”

“Zipo.”

“Vioshe vinundu, vikaushe kwa kitambaa, uvitie kwenye vile vichupa vitupu nilivyokuachia, juu ya hizo chembe. Vikikauka vizuri, bakteria watalala humo, hawatakufa.”

Shuifen alichimba siku tatu, amepiga magoti, magoti yakavimba. Alichuma kinundu kimoja kimoja kwa kibano cha Laigui cha kung’olea vijibanzi. Jumapili alikwenda posta ya mjini na vichupa kumi na vinne ndani ya boksi la biskuti. Jumatatu alisimama kaburini, akatazama zambarau ikifunikwa, safu baada ya safu, hadi bonde likawa la rangi moja ya hudhurungi. Dereva wa tingatinga alimpungia mkono. Naye akampungia.

Mwaka mmoja ukapita. Kisha simu ikalia.

“Wameamka, Shangazi! Tumepanda nao kwenye kifusi cha mgodi mmoja, mkoani Guangxi, na maua yametoka. Njoo uone. Nauli yako ninayo.”

Alipanda basi peke yake, safari ya siku nzima. Jingru alimpokea kwa kumkumbatia, kisha akaitwa na wakubwa waliokuja kukagua. Shuifen akabaki kando. Kilima cha watu wengine kilikuwa na zambarau upande mmoja wote. Wanawake wa kijiji, wa kabila la Wazhuang, walikuwa wakipalilia na kutaniana kwa lugha yao, ambayo Shuifen hakuielewa hata neno. Mmoja aliyevaa kofia ya majani alimsogelea, akamuuliza kwa Kichina cha kukwama:

“Mama, umekuja kutafuta kazi?”

“Hapana. Nimekuja kutazama.”

“Ni mazuri, eti? Wataalamu wameleta dawa fulani kutoka Hunan.”

“Eti dawa,” alisema Shuifen, akatabasamu. “Ndiyo, ni mazuri.”

Yule mwanamke akampa nusu ya viazi vyake vitamu, wakala wamesimama. Halafu mwenzake akamwita, akarudi kwenye mstari wao, na vicheko vikaanza tena.

Jingru alimsihi alale walau siku mbili. Alilala moja. Kwenye basi la kurudi, kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi, akaweka mfuko wake juu yake. Alifika Heyantang jua likiwa bado juu ya mlima, akafungua mlango, akachochea moto.