Chetezo cha Arubaini

Siku arubaini nzima Bi Barke hakuchoka kumsema mkaza mwanawe. Kila mgeni aliyeingia nyumbani kwake Timbwani kumtazama mtoto aliambiwa lile lile: Swabra, na mimba yake, alishika kisu siku mwezi ulipopatwa, akakata maembe, ndiyo maana Wardah kazaliwa mdomo wa juu umepasuka. Wageni walitikisa vichwa, wakanywa kahawa yao, wakaenda kulisambaza. Na Riyadh, mumewe Swabra, alikuwa akikaa pale pale, kimya, kana kwamba hayamhusu.

Swabra alimchukia kwa kimya kile. Sigara zake Riyadh alizivutia chumbani, dirisha limefungwa, ili mamake asijue, maana mbele ya mamake yeye ni kijana wa msikitini, hata kiberiti hajui kukiwasha. Muuguzi wa kliniki, Lynnette, alimweleza Swabra wazi: mdomo utashonwa, lakini moshi wa sigara humfikia mtoto tumboni na huongeza hatari ya kuzaliwa hivyo, na kifua cha Wardah kinachokoroma hakitapata nafuu akiendelea kuuvuta. Alisema pia kwamba hakuna awezaye kuapa kuwa huo ndio uliompasua huyu. Maneno hayo ya mwisho Swabra aliyasikia vizuri, akayaacha huko huko kliniki.

Siku ya arubaini wanawake walijaa ukumbini. Ada ya nyumba ile ni mzazi mwenyewe kutoka chumbani na chetezo, awafukize wageni mmoja mmoja, ndipo mtoto atolewe. Swabra alimkabidhi mtoto jirani yake Kaviha, akamwambia ampeleke kwake ng'ambo ya barabara, asimrudishe mpaka aitwe. Kisha akavuta kutoka uvunguni kikopo ambacho Riyadh hutupia vipisi, akavimwaga vyote juu ya makaa ya chetezo. Alitoka nacho ukumbini, akaanza na Bi Barke.

"Jifukize, Mama."

Moshi ulipanda. Bi Barke alikohoa mpaka mtandio ukamwanguka, machozi yakamtoka. Wageni wakaziba pua. Swabra hakukiondoa chetezo. Aliona raha, raha tele, wala hakujisingizia kwamba ni kitu kingine.

"Audhubillahi! Nini hii, we Swabra?"

"Udi wa mwanao, Mama. Huu ndio aliofukizwa Wardah miezi tisa. Wewe hata dakika haijatimia."

"Mwanangu havuti!"

"Mwite."

Riyadh aliitwa kutoka barazani. Akaona vipisi vyake vinafuka mbele ya mamake, mashangazi zake na nusu ya mtaa.

"Wallahi, Mama..." alianza, akakwama. Kuapa kulimshinda. Aibu ilimjaa, na Swabra akaitazama kama mwenye njaa atazamavyo sahani.

"Waambie. Ni kisu, au ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Riyadh kwa sauti ya chini. "Navuta. Mle chumbani."

Bi Barke aliketi. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama Swabra, wala si kwa hasira.

"Chumba kile mimi huingia kila siku, Swabra. Sijanusa kitu ila udi. Nani alikuwa akiufukiza?"

Wanawake wote waligeuka. Kila asubuhi, na tumbo lake la mimba, Swabra alikuwa akiinama juu ya makaa kumsitiri mumewe, moshi juu ya moshi, na akijiona mke mwema.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Lakini kisu sikushika."

Alikiweka chetezo sakafuni, na hakuthubutu kumwita Kaviha amlete mtoto.