Adabu ya Masudi

"Leo hujanitukana," Kankindi alisema, mguu wake ukiwa umesimama juu ya kanyagio la cherehani.

Masudi hakuinua uso. Alikuwa akipiga pasi suruali ya mtu, pasi ya mkaa, na moshi ulikuwa ukimwingia machoni. "Mungu akupe asubuhi njema, mama," alijibu.

Mama! Miaka yote waliyogawana baraza hilo la Nyamirambo, mmoja akishona na mwingine akipiga pasi, Masudi hakuwahi kumwita mama. Alimwita kibibi kibogoyo, mwizi wa vitenge. Kila asubuhi alimpokea hivi: "Weye bado iko hai? Na mimi nimeshaagiza sanduku lako!" Naye Kankindi humjibu kwamba alale mwenyewe ndani ya sanduku hilo. Babu zao walikuwa watani, mmoja Mnyamwezi, mwingine Mmanyema, waliofika na misafara, na utani huo wajukuu waliurithi kama wengine wanavyorithi shamba.

Winifred, mjane wa kaka yake Kankindi, alipohamia hapo kutoka Karagwe alilia siku nzima kwa sababu ya sanduku hilo. Ilibidi afundishwe kama mtoto. Masudi akisema amekufa kwa njaa, mpe chai. Akisema atakuzika, anakupenda. Akikusifu, angalia amekuchukulia nini.

"Afadhali leo amekuwa na heshima," Winifred alinong'ona huku akikata uzi.

Kankindi alisikia baridi mgongoni, na jua lilikuwa limeshawaka. Kwenye benchi la ukutani vijana watatu walikuwa wakinywa chai, redio katikati yao. Mmoja alikuwa mpwa wa Masudi. Redio nayo ilikuwa na mizaha yake siku hizi: iliwaita Watutsi mende, na vijana wakacheka. Kitambulisho cha Kankindi kiliandikwa Mtutsi, kabila la baba yake. Mwezi mzima Winifred alikuwa akimsihi waende kwao Karagwe, na mwezi mzima Kankindi alikuwa akisema maneno ya redio ni maneno tu, ataondoka akimaliza nguo za harusi.

Akamchokoza tena. "Masudi! Nimeota umekufa, nikafurahi mpaka nikacheza ngoma."

Pasi ilitulia mahali pamoja. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda, na mpwa akageuza shingo kutazama. Masudi alimwangalia Kankindi kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, macho mekundu.

"Ishi sana, mama," alisema. "Mungu akuhifadhi wewe na wifi yako, popote mtakapokuwa."

Hata msibani mtani hutania! Alipozikwa kaka yake Kankindi, Masudi huyuhuyu aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe soda, na wafiwa wakacheka na machozi yao. Sasa ni kitu gani hicho ambacho Masudi ameshindwa kukitania?

Yebabawe, ole wao! Kankindi alielewa: safari hii sanduku halikuwa mzaha.

Aliinuka polepole, akakunja gauni la bibi harusi lililokuwa bado na mkono mmoja. "Wifi, twende tukampimie yule binti," alisema kwa sauti ya kufika kwenye benchi. Winifred aliuona uso wa wifi yake, akainuka. Walichukua kapu moja tu. Mkasi waliuacha juu ya meza, chai ikiwa bado kikombeni.

Walishuka mtaa kuelekea kwenye mabasi ya Rusumo, mpakani, bila kugeuka. Winifred alimnong'oneza.

"Amekuambia nini? Mbona mimi sikusikia kitu?"

Kankindi alimshika mkono, wakaongeza mwendo.

Nyuma yao, barazani, cherehani ilianza kulia, kana kwamba mwenyewe bado yupo. Ilikwenda mbio, ikakwama, ikaenda tena, ikikanyagwa na mguu wa mpiga pasi, usiojua kushona.