Malipo kwa Kila Kiti

Karakana ya viti ambayo marehemu alimwachia mkewe ilikuwa na desturi moja. Fundi akipeleka ubao mrefu kwenye msumeno wa umeme, huita "Shika!", na aliye karibu huacha yake akaushike upande wa pili. Kwa kushika hakuna aliyelipwa. Wote walikula mshahara wa mwezi, sawa kwa sawa.

Hiyo sawa kwa sawa ndiyo iliyomchosha Umeme, fundi kijana aliyepewa jina hilo kwa wepesi wake.

"Mama, mimi natoa viti viwili, mwenzangu anatoa soga. Mwisho wa mwezi tunalingana. Haki gani hiyo? Mimi naondoka."

Mjane alijua Umeme akiondoka karakana itayumba. Mdogo wa marehemu akamshauri alipe kwa kila kiti.

"Mtu avune alichopanda, shemeji. Wavivu watajijua."

"Na Mzee Randa, fundi wetu wa siku nyingi? Mkono wake siku hizi mzito."

"Kwani hii karakana au nyumba ya wazee?"

Mjane alilipima jambo hilo wiki nzima, akikosa usingizi. Mwisho akakubali.

Viti vikamiminika, soga zikafa. Kila fundi aliinamia meza yake kama mwenye deni. Mzee Randa akiita, hujibiwa, "Nimalize hiki kwanza, mzee." Basi akaacha kuita. Siku moja akaupeleka ubao mrefu peke yake. Ncha ikaning'inia, ubao ukaruka, msumeno ukamla vidole.

Kesho yake mjane akawakusanya. "Tunarudi kwenye mshahara."

Umeme alijipangusa vumbi la mbao usoni, taratibu. "Mama, mimi sikumsukuma mzee."

"Najua, mwanangu."

"Nimefanya ulichosema nifanye. Sasa mbona adhabu ni yangu?"

Umeme akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Wenzake hawakuinua macho.

Jioni mjane alikwenda hospitali. Mzee Randa alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji hadi kiwikoni.

"Mshahara wako upo, mzee. Nimerudisha mambo kama zamani."

"Umeme kasemaje?"

"Kaondoka."

Mzee akageukia ukutani. "Ungemzuia yeye, mwanangu. Mimi ndiyo basi tena. Unabaki na nani?"

Mjane alikaa pale kitandani na pochi yake mapajani, mpaka muuguzi alipokuja kumwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.